Muziki wa sintesaiza wa gizagiza: ni wa kishetani kweli au hatujauzoea tu?

Wakuu naomba tulijadili hili bila matusi. Shemeji yangu alinikuta usiku nimezima taa nasikiliza Phaedra, albamu ya bendi ya Tangerine Dream iliyopigwa kwa sintesaiza, yaani mashine ya umeme inayotengeneza sauti, akasema zima hiyo kitu, haina maneno haina ngoma inavuma tu kama upepo kwenye nyumba iliyohamwa, utaita mashetani humu ndani. Na sio yeye peke yake, wengi wanasema hivyohivyo, wengine wanaongeza eti mashine inajipiga yenyewe kwa hiyo haina roho.

Mi nakataa yote mawili. Ile albamu ni ya 1974, jamaa watatu wa Berlin, na sintesaiza yao aina ya Moog ikishapata joto tyuni ilikuwa inahama yenyewe. Sikiliza wimbo wa kwanza, unapita dakika 17, kuna besi inajirudia weee mpaka unashtuka imehama na hukuona imehama saa ngapi, na wao wakaiacha hivyohivyo kwenye rekodi. Kitu kinachozidiwa na joto kama mimi na wewe, hakina roho kivipi?

Hofu sibishi, ipo. John Carpenter, aliyeongoza filamu ya kutisha ya Halloween ya 1978 na kuitungia muziki wa sintesaiza, mwenyewe anasimulia kwamba alimwonyesha bosi mmoja wa studio filamu hiyo kabla haijawekwa muziki, yule mama hakuogopa hata kidogo, ulipoingia muziki ndo ikatisha. Yale mapigo ya tano tano ya muziki huo, yanayokufanya kama umekosa ngazi gizani, Carpenter alifundishwa na baba yake akiwa mdogo kwa vingoma vya mkono. Baba anamfundisha mwanae kuhesabu mapigo, shetani yuko wapi hapo?

Mbona bashrafu ya taarab ya Zanzibar nayo haina maneno, fidla na kanuni (kile chombo cha nyuzi nyingi) zinalia mpaka koo linakukaba, na hakuna anayekemea pepo?

Nilipofiwa na mama nyimbo zenye maneno zilinishinda kabisa, kila moja inaniambia nilie au nivumilie, na watu nao wanasema hayohayo kutwa nzima. Muziki huu wa sintesaiza haukuniambia kitu, ulikaa na mimi tu mpaka usingizi ukaja.

Watoto wadogo usiku siwapigii, hapo nakubaliana na shemeji. Ila anayesema ni wa kishetani anitajie ni sauti ipi, dakika ya ngapi, tuisikilize wote.