Silinda imelika: nisafishe niweke ringi mpya, au nibadilishe yote?

Motari wa Ndosho

Hamjambo wakubwa. Mimi ni motari, nabeba abiria kwa pikipiki, nalala Ndosho hapa Goma, kazi yangu ni Mugunga hadi Birere, asubuhi mpaka giza liingie. Piki ni 125, injini ya aina ya CG. Tangu mwezi wa sita inatoa moshi wa bluu, na sasa abiria wananifunikia pua. Mafuta ya injini naongeza kikombe cha chai kila siku tatu. Nikipakia magunia mawili ya makala (makaa) kupanda mlima wa Munigi, hata gia ya kwanza inalia.

Jana tumefungua kulasi, kile kichwa cha juu ya silinda. Ndani ya silinda, chini kidogo ya mdomo wa juu, kuna kangazi, ngazi ndogo: ukipandisha kucha inakwama pale. Upande wa nyuma kuna mikwaruzo mitano au sita, imesimama wima kama ya msumari. Fundi wa kwanza anasema tusafishe na msasa, tutie ringi mpya, zile pete za pistoni, dola 8 na kazi imeisha. Wa pili anasema ninunue seti nzima, silinda na pistoni, dola 35.

Kinachoniuma ni kwamba silinda hii si ile ya kwanza. Niliiweka Desemba. Miezi saba tu! Hizo dola 35 ndizo za shule ya watoto mwezi wa tisa. Nisaidieni, piki imelala na mimi nimelala.

Kijana wa Kadutu

Kaka, pole. Mimi niko Bukavu. Usikubali msasa. Mwaka jana nilifanya hivyohivyo, moshi ulikata wiki tatu, halafu ringi ya juu ikavunjika na kukwaruza pistoni mpya. Nililipa mara mbili.

Mama Kulasi

Mwanangu, usinunue kitu chochote leo. Pima kwanza. Nina miaka 19 nafungua injini hapa Birere, na pesa nyingi za motari nimeona zikipotea kwa sababu fundi alitazama kwa macho akatoa hukumu.

Chukua ringi moja mpya ya saizi yako. Iingize peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, isilale upande. Sasa tazama pale ncha zake mbili zinapokaribiana. Tumia bapa nyembamba zilezile fundi anazopimia vali, uone ni ipi inapita katikati ya ncha. Pima karibu na juu, mahali ringi inapofanyia kazi, kisha isukume hadi chini kabisa ambako ringi haifiki, upime tena. Kipimo cha juu toa cha chini, kinachobaki gawa kwa tatu. Hapo umejua silinda imepanuka kiasi gani, bila chombo cha bei. Kwenye injini hizi ncha za ringi mpya huachana milimita 0.2 au 0.3 hivi. Ukikuta juu imefika 0.7 au 0.8, hakuna msasa utakaokurudishia chuma kilichoondoka.

Na ngazi kama ile uliyoigusa kwa kucha ndiyo iliyomvunjia ringi kijana wa Kadutu. Ringi ya zamani imelika pamoja na silinda, imejua njia yake. Mpya ina ukingo mkali, inapanda na kugonga ngazi maelfu ya mara kwa dakika.

Lakini si lazima seti nzima. Shika sumaku, iguse ukuta wa ndani. Ikishika, ni chuma cha kusubu, na hicho kinatanuliwa kwa mashine. Pistoni zinauzwa kubwa kidogo: 0.25, 0.50, 0.75, mpaka 1.00. Tafuta pistoni KWANZA, uipeleke kwa fundi wa mashine pamoja na silinda, atanue kwa kuifuata pistoni hiyo. Motari wengi wanatanua kwanza, halafu wanazunguka soko zima wakitafuta pistoni ya kulingana.

Sasa nikuulize la maana. Silinda ya miezi saba, nani ameila? Vumbi. Mji huu tumeujenga juu ya lava, jiwe la volkano. Ile ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na barabara zetu nyingi ni jiwe hilohilo lililopondwa na magurudumu. Kiangazi linakuwa unga, na unga huo unakata. Toa ule mpira unaounganisha boksi la filta na kabureta. Ingiza kidole upande wa kabureta, ukipanguse. Kikitoka na vumbi la kijivu, filta yako ni pambo tu. Usipoziba tundu linapopitia, hata nikikupa silinda ya dhahabu tutaonana tena mwezi wa pili.

Fundi Himbi

Mama amesema kweli. Naongeza moja. Moshi wa bluu unaweza kutoka pia kwenye raba za vali, zile zinazozuia mafuta yasiteremke ndani. Unapowasha asubuhi, au unaposhuka mlima umeachia gesi halafu ukafungua, moshi ukitoka nyakati hizo tu, shuku raba. Wako unatoka ukipanda na mzigo, hiyo ni ringi na silinda. Lakini kulasi iko wazi, badilisha raba hizo sasa, ni bei ndogo.

Na siku fundi akikupima kompresheni, nguvu ya injini kubana hewa, kwa saa ya kupimia, msiogope namba. Goma tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Kitabu kikisema 12, hapa 10 ni injini nzima kabisa.

Motari wa Ndosho

Mama, Mungu akubariki. Nimepima. Juu 0.90, chini 0.35. Inabaki 0.55, kugawa kwa tatu ni kama 0.18. Sumaku imeshika. Mpira nimeutoa: chini yake, pale klipu inapokaza, umepasuka urefu wa kidole gumba, na huwezi kuuona piki ikiwa imesimama. Kidole kimetoka na unga wa kijivu, laini kama sementi. Nilikaa chini. Miezi saba nilikuwa nasafisha filta kila Jumapili, na hewa inapita mlango wa nyuma.

Nimepata pistoni ya 0.50 pamoja na ringi. Ya 0.25 fundi wa mashine amesema haitafuta mikwaruzo.

Mama Kulasi

Umefanya vizuri, mwanangu. Silinda ikitoka kwenye mashine iwe na mistari ya kupishana kama mkeka, hiyo ndiyo inashika mafuta. Halafu usiioshe kwa petroli peke yake, petroli inaacha unga wa jiwe ndani ya ile mistari. Maji ya moto, sabuni, brashi. Kausha, paka mafuta ya injini, pangusa kwa kitambaa cheupe. Kikitoka kijivu, rudia. Pistoni ikifungwa, ziba mdomo wa injini na kitambaa kabla ya kutia klipu za pini, zikianguka mle utafungua injini yote. Midomo ya ringi isipangwe mstari mmoja. Kilomita 300 za kwanza usibebe makala, usishike gesi mahali pamoja, kisha mwaga mafuta.

Motari wa Ndosho

Kitambaa kilitoka kijivu mara mbili, mara ya tatu kikatoka cheupe. Mpira mpya dola 3, jumla ya kazi yote, na raba za vali, dola 24.

Leo ni kilomita 310. Mafuta yako pale pale kwenye kijiti cha kupimia, bujia (plagi) ina rangi ya kahawia na imekauka. Nimemwaga mafuta ya kwanza asubuhi hii, na mchana nimepanda Munigi na magunia mawili, gia ya pili.