Mrejesho: ile insha yangu iliyorudishwa

Mtakumbuka niliomba msaada baada ya insha yangu kuhusu lugha ya fasihi ya Kiafrika kurudishwa, pembeni imeandikwa kwa kalamu nyekundu: "Mbona unamsikiliza mtu mmoja tu?" Mkanishauri nimtafute mpinzani, tena aliye hodari. Ahsanteni sana.

Nilikuwa nimemwegemea Ngũgĩ wa Thiong'o peke yake, mwandishi Mkenya aliyedai fasihi ya Kiafrika iandikwe kwa lugha za Kiafrika. Nikashinda Jumamosi nzima maktaba ya McMillan nikimsoma Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria aliyetetea Kiingereza mradi kibebe maisha ya Mwafrika. Kwanza nilimpa sentensi moja, nimwangushe haraka nipite. Nikaifuta. Nikampa aya nzima, hoja yake ikiwa na nguvu zake zote, na nikalazimika kukubali: kwa Nigeria yenye mamia ya lugha, ina uzito.

Dai langu likapungua upana, lakini sasa linasimama. Nikamwongeza Shaaban Robert, aliyefariki 1962, mwaka uleule waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza walipokutana Chuo cha Makerere, Uganda. Yeye alikuwa ameandika Kiswahili maisha yake yote.

Aya ya Achebe nimeiweka katikati. Mwishoni ilionekana kama kiraka. Mwalimu ameipokea, na safari hii maswali yake yalihusu Shaaban.