Mafuta ya taa ya Scott yalipotelea wapi na makopo yalikuwa yamefungwa?

mwalo_kirumba
Wakuu, kwa mnaofuatilia historia ya Ncha ya Kusini: Scott, yule mpelelezi Mwingereza, akirudi kutoka Nchani mwaka 1912 alikuta mafuta ya taa yamepungua kwenye maghala ya njiani, na makopo hayajatoboka. Hapa Mwanza dumu likikaa juani sawa, lakini kwenye barafu? Halafu, ni mafuta tu yaliyomuua yeye na wenzake?

fundi_karabai
Mkuu, ni washa, yaani kile kipete cha ngozi cha kuziba kwenye kizibo. Fungua pampu ya karabai ya dagaa utaona ndugu yake: ikiwa na mafuta inalainika na kubana, ikikauka inasinyaa. Baridi iliziharibu washa za Scott, na makopo yaliwekwa juu ya ghala ambako jua liliyapiga, hivyo mvuke ukawa unatoka kidogo kidogo kwa miezi. Amundsen, Mnorwe aliyemtangulia kufika Nchani, makopo yake aliyalehemu. Na kule mafuta ndiyo maji: theluji inayeyushwa kwenye jiko. Mafuta yakipungua, kiu inaanza kabla ya njaa.

nahodha_ukara
Ongeza hesabu ya watu. Chakula, mafuta na hema vyote vilipangwa kwa wanne wanne. Januari 1912 Scott akaenda mbele na watano. Kupika kukaongezeka kama nusu saa kwa siku, na Bowers, mmoja wa hao watano, hakuwa na skii, zake zilishaachwa nyuma. Wenzao watatu waliorudishwa kambini nao ikabidi wapime fungu lao kutoka kwenye vifurushi vya wanne.

mwalo_kirumba
Hakukuwa na njia ya kuwaita wenzao?

nahodha_ukara
Hawakuwa na redio. Cherry-Garrard na Dimitri, watu wa Scott, walifika na mbwa wa kuvuta sleji kwenye ghala lake kubwa la njiani, One Ton, tarehe 4 Machi, wakangoja hadi tarehe 10 wakageuka, bila kujua Scott yuko wapi. Ghala lenyewe lilitakiwa kuwa latitudo ya nyuzi 80 kusini, likaishia kama kilomita 56 kaskazini ya hapo, mbali zaidi na Ncha. Hema la mwisho lilikutwa kilomita 20 hivi kusini yake. Yaani lingewekwa palipopangwa, wangekuwa wameshalifikia.

Amundsen yeye kwenye ghala lake la nyuzi 80 alichomeka bendera nyeusi 20, kumi kila upande wa ghala, kukatiza njia, moja kila mita 900 hivi. Ni kama makila, nyavu zinazotandazwa ziwani kukatiza njia ya samaki: samaki haifuati boya, inakutana na ukuta wa nyavu popote inapopita. Kila bendera ilikuwa na namba, kwa hiyo hata kwenye ukungu ukiikuta moja unajua ugeukie mkono gani na ghala liko umbali gani.