Bastola, dawa ya pilipili au kubadili utaratibu? Naomba ulinganisho, nanunua dagaa Mwaloni alfajiri

MamaDagaa_Mabatini
Wakuu, salaam. Nauza dagaa kwa jumla, mzigo nachukua soko la samaki la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza. Ukitaka dagaa wazuri ufike kabla hakujapambazuka, kwa hiyo natoka Mabatini gizani na fedha taslimu mkobani. Juzi jirani yangu kakabwa kichochoroni, kaporwa na kukatwa panga mkononi. Mume wangu anasema niombe kibali cha bastola. Mdogo wangu anasema dawa ya pilipili ya kupuliza. Shemeji anasema karate. Mnilinganishie, sitaki kununua kitu cha kunipa moyo tu.

Mgambo_Mstaafu
Pole kwa jirani, dada. Mimi namiliki bastola kihalali, na kwa hali yako naiweka mwisho kabisa. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 utaanzia serikali ya mtaa, kamati ya usalama ya wilaya, kisha polisi. Uwe unajua kuitumia na uwe na mahali salama pa kuifungia. Hayo yote yanavumilika. Kinachokushinda ni umbali.

Mwaka 1983 askari polisi wa Salt Lake City, Marekani, Dennis Tueller, alipima muda na kuona kwamba mtu mwenye kisu anafika kwako kutoka mita 6.4 kwa takriban sekunde moja na nusu. Muda huohuo ndio askari aliyefunzwa anahitaji kuchomoa na kufyatua. Wewe bastola iko mkobani chini ya khanga, na kichochoro chenu hakina hata hizo mita sita za kuona mbele. Kibaka ataondoka na fedha na bastola pia, halafu uanze kuieleza polisi.

Wakili_Nyamagana
Naongezea upande wa sheria. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, vifungu vya 18 hadi 18C, inakupa haki ya kujitetea, kumtetea mwenzako na kutetea mali. Lakini 18B inasema nguvu iwe ya kadiri inayohitajika. Aliyeshika panga na kukusogelea ni suala moja. Aliyekwisha kupora na sasa anakimbia ni lingine kabisa, ukimpiga risasi mgongoni usitegemee kifungu hicho kikuokoe. Hilo linahusu pia wananchi wenye hasira na mawe. Kumuua kibaka aliyekwisha kukamatwa ni mauaji.

MamaDagaa_Mabatini
Nimeelewa kuhusu bastola. Na pilipili?

Nesi_Pasiansi
Inachoma macho, inabana pumzi, na aliyepuliziwa huchukua nusu saa au zaidi kurudi sawa. Ubaya wake ni upepo. Ukipuliza upepo ukikujia, wewe ndiye utakayelala chini, na mwenye pumu anaweza kuwa katika hatari kweli. Kopo lina tarehe ya kuisha, watu hawaiangalii. Kabla ya kununua pita kituo cha polisi uulize kama unaruhusiwa kutembea nalo. Ukiwa nalo liwe mkononi, mkobani halina kazi. Karate ni nzuri kwa mwili, ila usimkabili mwenye panga kwa mafunzo ya miezi michache. Kinachofaa kujifunza ni kujinasua ukishikwa, kisha ukimbie.

Boda_Igoma
Mama, sisi wa barabarani tunaona mengi. Dagaa huvuliwa giza, mbalamwezi ikishakuwa kali wavuvi wanapumzika. Kila mtu mjini anajua siku za giza ndizo fedha zinatembea kwenda Mwaloni, na ndizo siku njia hazionekani. Kibaka hahitaji kukufuatilia, kalenda inamtosha. Kwa hiyo mimi naweka namba moja kuondoa fedha mkobani. Lipa kwa simu, au weka kwa wakala jana yake mchana na utoe hapohapo sokoni kukishapambazuka. Makato yanauma, najua, ila linganisha na mkono wa jirani yako.

Namba mbili, chukua bodaboda au bajaji wa kijiweni unayemfahamu kwa jina, akufuate mlangoni. Ukilazimika kutembea, tembea upande wa kulia ukitazamana na magari, mkoba uwe upande wa mbali na barabara, simu isiwe sikioni. Ukiona pikipiki ile ile imepita mara ya pili, usisubiri uhakika, ingia penye taa na watu.

MamaDagaa_Mabatini
Wavuvi wengine hawapokei kwa simu, wanataka taslimu.

Boda_Igoma
Basi beba ya hao tu. Na uwe na noti chache mahali pa karibu. Wakikusimamisha, zirushe upande mmoja, wewe kimbia mwingine ukipiga kelele.

Ng'wana_Magu
Hapo kwenye kelele msipite haraka. Sungusungu, ulinzi wa jadi wa wanakijiji, ilipoanza kwetu Usukumani miaka ya 1980, nguvu yake haikuwa mishale peke yake. Ilikuwa mwano, yaani yowe la kuomba msaada. Yowe likipigwa, kila mwanamume anatoka na kulipokea, na asiyetoka anatozwa faini. Mjini mtu anapiga kelele na majirani wanafunga madirisha. Mama, chukua filimbi, lakini kwanza kaa na mwenyekiti wa mtaa na wenye nyumba za kichochoro hicho mkubaliane sauti hiyo ina maana gani na nani anatoka. Doria ya ulinzi shirikishi ipangwe kufuata saa zenu wafanyabiashara, siyo kuishia saa nane usiku. Na mkishamkamata mtu, polisi 112.

Mgambo_Mstaafu
Naunga mkono. Mkiwa wanawake wanne watano mnaotoka pamoja, hakuna kifaa kati ya vilivyotajwa hapa kinachofikia hapo.

MamaDagaa_Mabatini
Asanteni sana. Nitaanza na fedha na bajaji, na Jumapili namwona mwenyekiti. Kuna mwingine hapa anayetoka Mabatini au Igogo kwenda Mwaloni siku za giza?

Sato_na_Dagaa
Mimi niko Igogo, huwa naondoka saa kumi. Nitumie ujumbe pembeni, tuchangie bajaji.