-2.25 na -2.75: mazoezi yanaweza kushusha namba ya miwani?

abiria_wa_46: Wadau, habari zenu. Miaka 24, karatasi ya vipimo inasema kulia -2.25, kushoto -2.75. Simu naisoma bila shida, lakini namba ya matatu siioni mpaka gari lisimame stejini. Kuna video zinasema ukiacha miwani, ukazungusha macho, ukayafunika kwa viganja na kuyaelekeza kwenye jua la asubuhi, namba inarudi sifuri. Kuna ukweli? Na nikivaa miwani kutwa nzima, macho hayatazidi kuzembea?

Fremu_na_Lenzi: Ndugu, tatizo ni umbo. Jicho la mtu mzima lina urefu wa karibu milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma. Kwa wengi wasioona mbali limerefuka kupita hapo, kwa hiyo picha inatua kabla ya kufika kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Milimita moja ya ziada hukaribia -2.50 hadi -3.00. Kuzungusha macho kunachosha misuli ya kuyageuza tu. Haifupishi jicho.

Viganja na jua ni mambo ya William Bates, daktari wa New York aliyetoa kitabu chake mwaka 1920. Viganja havina madhara, vinapumzisha. Jua usilitazame hata dakika moja: huunguza katikati ya retina bila maumivu, na doa lake linaweza kubaki maisha.

Miwani haizembeshi jicho. Ila ukishazoea kuona wazi, ukiivua ndipo unagundua ukungu uliokuwepo siku zote. Hapo ndipo watu huilaumu.

mpima_macho: Namuunga mkono, lakini ipo namba inayoshuka kweli. Ndani ya jicho kuna msuli unaonenepesha lenzi ukisoma karibu. Ukishinda kwenye skrini unaweza kubana na kukataa kuachia, na vipimo vikaonyesha minasi (namba ya kutoona mbali) ambayo si ya urefu wa jicho.

Ile mashine ya vipimo unayochungulia ndani yake picha ya puto mwisho wa barabara ni ya kuanzia tu. Jicho la kijana hujikaza humo na namba ikazidi. Ukishawekewa lenzi za majaribio, sema ukweli: minasi ikiongezwa, herufi zinakuwa *wazi zaidi*, au ni *ndogo na nyeusi zaidi* tu? Zikiwa ndogo na nyeusi, minasi imepitiliza. Kama namba inabadilika kila kipimo, omba upimwe kwa matone ya kulegeza msuli. Usiendeshe gari siku hiyo, mboni hubaki wazi kwa saa nyingi, na beba miwani ya jua.

Namba ikiruka ghafla ndani ya siku chache, pima sukari kwanza.

abiria_wa_46: Asanteni sana. Sasa mtu ajuaje kama macho yamepata nafuu au anajidanganya?

Fremu_na_Lenzi: Rula na gazeti vinatosha. Vua miwani, funika jicho moja bila kulibonyeza. Shika maandishi madogo karibu, kisha yasogeze mbali polepole mpaka kingo za herufi zianze kuvimba. Pima kutoka jichoni hadi hapo kwa sentimita, ugawanye 100 kwa jibu. Sentimita 44 ni kama -2.25, sentimita 36 ni kama -2.75. Rudia mara tatu, chukua wastani.

Wengi hukosea kwa kukunja macho, maana kope zilizobana hufanya kazi ya tundu dogo na kusafisha picha. Jua kali nalo hubana mboni, kwa hiyo pima mahali pale pale, mwanga ule ule. Kosa lingine ni kutumia herufi kubwa: ubongo huzikisia. Na ukikaa wiki bila miwani, ubongo huzoea ukungu ukasoma mstari mmoja zaidi kwenye chati ya herufi ukutani, ilhali rula inarudi pale pale 44.

mama_gredi3: Na mtoto wa miaka 8 mwenye -1.00? Duka moja limeshauri apewe lenzi dhaifu ili macho yajitahidi.

mpima_macho: Hapana mama. Utafiti wa Malaysia wa mwaka 2002 ulijaribu hilo, na watoto waliopewa lenzi dhaifu namba zao zilipanda haraka zaidi. Mpe namba kamili.

Kinachosaidia watoto ni mwanga wa nje, saa 2 kwa siku, hata kwa vipande: mapumziko ya shule, kutembea kurudi nyumbani. Kivuli cha mti kinatosha, kwani Nairobi mchana hata kivulini kuna mwanga mwingi zaidi kuliko darasani. Unachelewesha kuanza kwa tatizo kuliko kulirudisha nyuma, kwa hiyo wadogo zake nao watoke. Kitabu kikae umbali wa kiwiko hadi ngumi yake. Namba ikipanda kwa 0.50 au zaidi kwa mwaka, muulize daktari wa macho kuhusu matone ya atropini hafifu au lenzi maalum za kupunguza kasi. Karoti ni chakula kizuri, basi.

Abiria, wewe kwenye kompyuta inua macho kila dakika 20, tazama kitu kilicho mita 6 kwa sekunde 20. Haishushi namba, inalegeza ule msuli. Jicho refu lina retina iliyovutika: ukiona vimulimuli, nukta nyeusi nyingi za ghafla, au kama pazia linashuka upande mmoja, nenda hospitali ya macho siku hiyo hiyo, hata ikiwa Jumapili.