Ulinganisho: Rada ya vipimo vitatu ipi ingefaa milima ya Nyanda za Juu Kusini?

Mwalimu_Iringa
Heshima kwenu wanajukwaa. Ninaandaa somo la mawimbi kwa kidato cha sita, na nimelijenga juu ya swali moja: rada ya ulinzi wa anga inayopima umbali, uelekeo na kimo kwa pamoja ingefaa iwe ya aina gani katika milima kama yetu? Nimelinganisha tatu kwa takwimu zilizotangazwa na watengenezaji. Bendi ni kundi la masafa ya redio: mawimbi ya L ni marefu, ya S mafupi zaidi, na ya C mafupi kuliko yote matatu. AN/TPS-77 ya Lockheed Martin ya Marekani hutumia bendi ya L na hufikia kilomita 470 hivi. Ground Master 200 ya Thales ya Ufaransa hutumia bendi ya S na hufikia kilomita 250. Giraffe AMB ya Saab ya Uswidi ni ya bendi ya C, hufikia kilomita 120, na antena yake huinuliwa kwa mlingoti wa mita 12 hivi. Naelekea kwenye ya kwanza, kwa kuwa anayeona mbali hujiandaa mapema.

FundiMstaafu_Mbeya
Mwalimu, kilomita 470 ni za ndege iliyo juu sana. Waonyeshe wanafunzi kanuni hii: tafuta kipeuo cha pili cha kimo cha antena na cha kimo cha ndege, vyote kwa mita, vijumlishe, kisha zidisha kwa 4.12 upate kilomita. Antena ikiwa mita 10 juu ya tambarare na ndege ikiruka mita 100, upeo ni kilomita 54 tu, na hapo rada zako zote tatu zinalingana, kwa sababu kinachozuia si nguvu ya mtambo bali mpindo wa dunia. Ipandishe antena kwenye kilele mfano wa Loleza, kinachouzidi mji wetu kwa takriban mita 900, na upeo huohuo unafika kilomita 165 pale ambapo mbele ni wazi. Lakini si wazi kila upande. Magharibi kuna Mlima Mbeya, mrefu kuliko Loleza, na nyuma yake ndege inaweza kupita bila kuonekana hata ungeweka mtambo ghali kuliko yote duniani.

Makambako_Njiapanda
Samahani wakubwa, uwanja wa ndege wa Songwe si tayari una rada? Kwa nini tusiitumie hiyo?

FundiMstaafu_Mbeya
Swali zuri, kijana wangu. Ile ni miongoni mwa rada nne ambazo Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilizisainia mkataba na Thales mwaka 2017, na kazi yake ni kuongoza ndege za kiraia. Kimo cha ndege hizo huletwa na transponda, kifaa cha ndegeni kinachoijibu rada, yaani ndege yenyewe ndiyo hujitaja. Mwenye nia mbaya huizima. Rada ya vipimo vitatu haimwombi mtu ajitaje: mwale wake mwembamba hupandishwa na kushushwa kwa umeme wakati antena inazunguka, na pembe ambayo mwangwi umerudia ndiyo inayotoa kimo.

Tukuyu_Mvua
Mmesahau mvua, nasi wa Rungwe hatuwezi kuisahau. Matone ni madogo sana kuliko urefu wa wimbi, kwa hiyo wimbi likifupishwa nusu, mwangwi wa mvua huongezeka mara 16. Bendi ya L inastahimili mawingu yetu kuliko S, na S kuliko C. Kwa hilo namuunga mkono Mwalimu, ingawa antena za ukubwa mmoja zikilinganishwa, bendi ya S hupata mwale mwembamba zaidi na hivyo kimo sahihi zaidi.

Mwalimu_Iringa
Nashukuru sana, na nakiri kwamba nililinganisha mitambo kabla ya kuitazama ardhi. Sasa naona afadhali rada moja ya bendi ya L kileleni kwa ajili ya anga ya juu, na ndogo zinazohamishika kwa magari zizibe mabonde yenye kivuli.

FundiMstaafu_Mbeya
Hapo tumekubaliana nusu. Kileleni panahitaji barabara, jenereta na mafuta mwaka mzima, na mtambo usiohama hujulikana ulipo. Mimi ningechukua mbili za bendi ya S juu ya malori, zibadilishane vilima. Wape wanafunzi ramani yenye kontua, yaani mistari ya kimo cha ardhi, wachore kivuli cha kila kilima, kisha utuletee michoro yao humu.