Napelekwa Magu kikazi, Kisukuma sijui hata salamu

Binti wa Tanga: Wakuu, shikamooni. Mimi nesi, nimepangiwa zahanati ya kijijini wilaya ya Magu, Mwanza. Nimekulia Tanga mjini. Wale bibi wanaoleta wajukuu kliniki nitawaanzaje? Sitaki wanione nina maringo.

Ng'wana Kisesa: Karibu Usukumani dada. Asubuhi sema "mwangaluka", jua likishapinda "mwadila". Ukipewa kitu, "wabeja". Lakini usitupe salamu huku unaandika kwenye kadi! Weka kalamu chini, kunja goti kidogo, usubiri. Bibi atataka kujua wewe ni wa nani na umetokea wapi. Mjibu taratibu, foleni itangoja. Wakikuletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, kula hapohapo hata kipande kimoja. Ukiweka kwenye mkoba watasema umevikataa.

Mpita Njia: Kabla hujaanza kazi shuka Bujora pale Kisesa, ni njia hiyohiyo ya Musoma. Makumbusho yao yana ngoma za zamani na nyumba za kimila. Ukibahatika Juni kuna Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma; Wagika na Wagalu, makundi mawili ya wachezaji ngoma, wanashindana kucheza, wengine na chatu shingoni.

Binti wa Tanga: Wabeja! Ila chatu nitamtazamia mbali. Michembe inaliwa na nini?

Ng'wana Kisesa: Ichemshe, halafu karanga za kutwanga kwa wingi. Sukari ya nini?